Sekunde 240

Kwenye chumba chetu cha soga kulikuwa na boti, programu ndogo iliyokaa mlangoni usiku na mchana kama mlinzi. Ukimkosa mtu, unaiandikia amri ya neno moja pamoja na lakabu ya unayemtafuta, nayo inakujibu hapo hapo: fulani alionekana mara ya mwisho siku kadhaa zilizopita, akasema maneno haya, kisha akatoka. Kuna mwenzangu mmoja niliyemuulizia kwa boti ile karibu miaka kumi. Jibu lilikuwa lile lile, ila hesabu ya siku ilikuwa inapanda. Siku 31. Siku 90. Siku 412. Maneno yake ya mwisho hayakubadilika. Alikuwa anauliza kama iliki ya pilau inatwangwa na maganda yake.

Sitamtaja, hata kwa lakabu, kwa sababu hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyewahi kuniruhusu. Na wa nyumbani kwake siwajui. Hilo ndilo jambo lililonikalia kifuani muda wote huu.

Mfumo tuliokutana ndani yake unaitwa IRC. Aliutunga Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, Agosti 1988, na mpaka leo unafanya kazi. Hauna picha wala sauti. Ni mistari ya maandishi tu, na mstari mmoja hauzidi herufi 512, ukihesabu na alama zinazosomwa na mashine peke yake. Kwa wepesi huo ulipita mahali ambapo vitu vizito vilikwama. Mwaka 1991, wakati wa vita vya Ghuba, na tena Agosti mwaka huo huo lilipotokea jaribio la mapinduzi katika Muungano wa Kisovieti, watu walipeana habari humo. Ulipita na kwetu. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti yetu kwa sehemu kubwa ilikuwa inapanda hadi kwenye setilaiti, kilomita 36,000 kwenda juu na nyingine kama hizo kushuka. Ukurasa wenye picha ulifunguka ukiwa umeshamaliza chai. Mstari wa IRC ulifika.

Mimi niliingia mwaka 2007, na kilichoniingiza ni CD. Miaka ile waliotengeneza mfumo wa Ubuntu walikuwa wanatuma CD bure kwa posta kwa yeyote anayeomba, popote alipo duniani. Nikaomba kwa sanduku la posta la mjomba, na baada ya wiki kadhaa bahasha ikaja Dar es Salaam bila kunigharimu hata senti. Nakumbuka nilivyoigeuzageuza mkononi. Jina lake nililielewa bila kufundishwa, maana ubuntu ya Wazulu na utu ya kwetu ni neno moja lililotembea njia mbili. Nikaiweka kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa Tabata, nyumbani kwa mjomba, na siku ya pili mashine ikagoma kuwaka. Kijana wa kwenye kibanda cha intaneti akaniambia kuna chumba ambamo watu wanasaidiana, nikalipia nusu saa, nikaandika swali langu kwa Kiingereza cha kidato cha nne. Aliyejibu ni yule mwenzangu.

Kwenye mtandao tuliokuwa tunatumia, freenode, vyumba vilitofautishwa kwa alama ya reli. Alama moja mbele ya jina ilikuwa ya mradi rasmi wa programu. Alama mbili zilikuwa za vyumba vingine vyote, vya watu waliokutana kwa ajili ya jambo wanalolipenda. Na miradi mikubwa ilikuwa na desturi ya kufungua chumba cha pili kando ya kile cha kazi, cha mambo yaliyo nje ya mada. Mtu akianza kusimulia mambo ya mvua au mpira kwenye chumba cha kazi, wasimamizi walimwambia kwa upole ahamie upande wa pili, kama vile wazee wanavyowaambia vijana watoke sebuleni wakapige stori barazani. Tukatoka. Na barazani, kama ijulikanavyo kwa yeyote aliyekulia pwani, ndiko nyumba inakoishi.

Kazi niliijifunza kwenye chumba cha kwanza. Watu niliwapata kwenye cha pili. Nimeshasoma maandiko mengi kuhusu jinsi programu huria zilivyojengwa, na mengi yanaeleza leseni, makampuni na werevu wa wahandisi. Ni kweli yote. Lakini mimi nilikuwapo, na ninachokijua ni kwamba aliyekaa mpaka usiku wa manane Jumatatu kunitafutia kosa kwenye programu yangu alikaa kwa sababu Jumapili tulikuwa tumezungumza habari za nyonga ya mama yake. Swali la kijinga halitoki mdomoni mbele ya watu usiowazoea. Linatoka mbele ya watu ambao jana walikusikia ukilalamika juu ya kunguni. Soga ndiyo ilikuwa inalainisha njia, kisha kazi inapita juu yake.

Tulizungumza kuhusu nini? Mambo yasiyo na faida kwa mtu yeyote. Kwamba mkate wa mmoja haukuumuka. Kwamba mbwa wa mwingine anaogopa mvua. Kwa nini madirisha ya kwetu yana nondo. Kuna aliyekuwa analea mtoto mchanga usiku huku akiandika kwa mkono mmoja, na sote tulijua kutokana na herufi zilizokosewa kwamba mtoto yuko kwenye mkono wa kulia. Kiingereza chetu kilikuwa cha kila mtu na lafudhi yake ya vidole. Hakukuwa na sura, kwa hiyo mtu alikuwa ni yale anayosema na saa anazoyasema. Nilijua fulani ameachwa na mkewe wiki tatu kabla hajatuambia, kwa kuwa alianza kuonekana saa kumi alfajiri.

Mwenzangu huyu alisema anaishi kaskazini mwa Ulaya, nchi ya theluji. Mji hakuutaja na sikumuuliza. Alikuwa mtu mzima, amestaafu au karibu kustaafu, na alikuwa anapika. Nilipomsimulia pilau alitaka vipimo. Nikampa kama mama anavyopima: bizari nzima kiganja, mdalasini kijiti, pilipili manga kwa kukisia. Hakuridhika, akataka gramu. Nikaenda jikoni kweli, nikamwaga kiganja cha bizari kwenye mzani wa duka la jirani, nikamrudishia jibu. Juu ya vitunguu nilimwambia avikaange mpaka viwe rangi ya mbao ya mninga, naye akaenda kutafuta picha ya mbao ya mninga. Mara ya kwanza aliviunguza. Mara ya pili aliniandikia mstari mmoja tu: sasa nimeelewa.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo sina budi kulieleza, kwa kuwa ndani yake ndimo alimopotelea.

Kila baada ya muda, seva ya IRC inarusha neno dogo kwa kila aliyemo: PING. Kompyuta yako inatakiwa ijibu PONG, nawe wala huoni. Ni hodi na karibu. Seva inabisha, ukiitikia inajua upo, inaendelea na shughuli zake. Usipoitikia inasubiri. Mtandaoni kwetu ilikuwa inasubiri sekunde 240, dakika nne kamili, kisha inakutoa na kuwatangazia waliobaki kwamba fulani ametoka, hodi haikuitikiwa. Mtu anayeondoka kwa hiari yake anaacha neno la kuaga. Anayeondolewa kwa njia hii haachi kitu, na tangazo ni lile lile kwa kila sababu: waya umechomoka, kompyuta imezima, paka amekanyaga swichi, mtu ameanguka sakafuni.

Kwangu mimi sababu ilikuwa mgao wa umeme. Mwaka 2011 mgao ulikuwa mkali, kuna siku tulikaa gizani tangu asubuhi mpaka usiku. Nilikuwa nakatika katikati ya sentensi. Wenzangu wakazoea, na neno lenyewe wakalichukua: likitoka tangazo la sekunde 240 juu ya lakabu yangu, mmoja anaandika "mgao", basi, wanaendelea. Nikirudi, huyu mwenzangu alikuwa wa kwanza kuniandikia "pole", kwa Kiswahili, neno nililomfundisha mwenyewe. Likawa neno la chumba. Mtu yeyote akikatika na kurudi, hata wa Brazil au wa Canada, alipewa pole.

Agosti ya mwaka ule ilikuwa Ramadhani. Alikuwa ananiuliza kila jioni nimefuturu nini. Nilistaajabu aliponiambia kwamba kwao jua lilikuwa linatua baada ya saa tatu usiku, akawa anawahesabia saa wanaofunga huko kwao. Akasema siku ya Idi yenu nitapika pilau, nitaandika hapa ilivyokuwa. Jioni moja, dakika chache kabla ya magharibi, akauliza lile swali la iliki. Nilikuwa nimeshaanza kujibu. Umeme ukakatika.

Ulirudi usiku sana. Nikaingia, nikasoma yaliyopita kwa kunakiliwa na mwenzetu mwingine, kwa sababu IRC haikuhifadhii kitu: usipokuwapo, limekupita. Nilimkuta hayumo. Alikuwa ametolewa saa moja na kitu baada yangu, sekunde 240. Niliandika jibu langu hivyo hivyo, kwenye kiti kitupu. Nikasema itwange na maganda kama una haraka, ukitulia yatoe. Mtu mmoja akaandika "mgao", kwa mazoea, nasi tukaona sawa.

Idi ikapita. Nilikaa macho siku ile nikingoja habari za pilau. Baada ya mwezi tukaanza kuulizana. Hakuna aliyekuwa na namba yake, anwani yake, jina lake. Mmoja alikumbuka kwamba aliwahi kutaja dawa za moyo. Mwingine akasema hapana, ilikuwa ya mbwa. Tulikuwa tumezungumza na mtu huyu kila siku kwa miaka minne na tukagundua kwamba hatuwezi kumtumia hata kadi.

Kwetu kifo kina njia yake. Mtu akifariki, mkeka unatandikwa, turubai linafungwa, na hata usiyemjua marehemu unapita ukatoe mkono wa pole kwa sababu unamjua binamu yake. Msiba una mwenyewe. Kuna mfiwa, anakaa mahali panapojulikana, na huzuni yako ina pa kwenda. Siku zikitimia matanga yanaanuliwa. Nilichokosa mimi ni hicho. Ningempa nani pole? Mfiwa alikuwa nani? Labda kuna mwanamke katika nchi ya theluji aliyesafisha kabati la jikoni akakuta kopo la bizari nzima na kipande cha karatasi chenye gramu, akashangaa limetoka wapi. Labda yu hai, alichoka tu kuzungumza nasi, na hilo pia ni haki yake. Sijui nimuombee rehema au afya njema. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiomba vyote viwili, na naamini havigombani.

Kuna waliobahatika kupata njia. Mwanzilishi wa mtandao wetu, Rob Levin, ambaye humo alijulikana kwa lakabu ya lilo, aligongwa na gari akiendesha baiskeli mjini Houston, Marekani, Septemba 2006, akafariki siku chache baadaye. Alikuwa na miaka 51. Nilipoingia mwaka uliofuata wakongwe walikuwa bado wanamtaja kwa huzuni, lakini walijua wanamhuzunikia nani, kwa jina na kwa tarehe. Na kuna Mats Steen, kijana wa Norway aliyekuwa na maradhi ya kudhoofika misuli, aliyefariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walidhani aliishi peke yake ndani ya mchezo wa kompyuta. Baba yake akaandika habari za kifo kwenye blogu ya mwanawe, na barua zikaanza kumiminika kutoka kwa watu ambao familia haikuwahi kuwasikia. Baadhi yao walisafiri kwenda kumzika. Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi. Kilichofungua mlango ule si kingine, ni kwamba familia iliweza kuifungua ile blogu na kuandika maneno machache.

Mimi nilibaki na boti. Mara moja kwa mwezi niliiuliza, na haikuchoka kunijibu. Ningeweza kusema nilikuwa namtafuta, lakini baada ya mwaka wa pili sikuwa namtafuta tena. Nilikuwa nazuru. Mtu anapokwenda makaburini kupalilia hategemei kujibiwa. Anakwenda kuona kwamba jina bado lipo.

Kisha Mei 2021 mtandao wenyewe ukavunjika. Palitokea mgogoro wa nani mwenye mali, na tarehe 19 mwezi huo wajitolea waliokuwa wakiuendesha walijiuzulu wakafungua mwingine, Libera.Chat, wakausajili Sweden kama jumuiya isiyo ya faida. Sitarudia kesi ile. Ndani ya siku chache miradi mikubwa, Ubuntu ikiwamo, ilihama. Vyumba vya kazi vilihama vizima, kama duka linalovuka barabara na mali yake yote. Msimbo ulikuwa umehifadhiwa kwingine, maelezo kwingine, orodha ya makosa kwingine. Hakuna kilichopungua.

Chumba cha soga hakihami namna ile. Tulikuwa lakabu themanini hivi, wengi wao wakimya, watu waliokuwa wanaacha kompyuta wazi na kupita mara moja kwa juma kutusikiliza. Waliovuka hawakufika arobaini. Wengine hawakupata habari, wengine waliona huu ndio wakati mzuri wa kuacha. Hatukuwa na kumbukumbu ya pamoja ya yale tuliyozungumza, kwa makubaliano yetu wenyewe: tulikataa soga zetu kuhifadhiwa hadharani ili mtu aweze kusema la moyoni bila kuogopa kulikuta tena baada ya miaka. Bado naona tulikuwa sahihi. Lakini usahihi ule ulikuwa na bei yake, na siku ile tuliilipa.

Boti ya zamani ilikuwa ya mtu ambaye hakuwa anaingia tena. Mpya ilifungwa na kijana mwema, ikafanya kila kitu ilichofanya ya kwanza. Usiku ule wa kuhama niliiandikia ile amri ya neno moja na lakabu ya mwenzangu. Mpaka juma lililotangulia, jibu lilikuwa ni zaidi ya siku 3,500, na iliki. Boti mpya ikajibu kwa adabu kwamba mtu huyo haijawahi kumwona.

Nilizima taa nikakaa. Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia nimefiwa. Akashtuka, akauliza na nani, lini. Nikashindwa kumjibu lini.

Siku hizi vijana ninaofanya nao kazi wakikwama wanaiuliza mashine, na mashine inajibu papo hapo, saa yoyote, bila kuchoka. Siwalaumu, na mimi naitumia. Ila nawaona wanavyofunga kompyuta jioni wakiwa wamepata majibu yote ya siku nzima bila kusikia habari za nyonga ya mama wa mtu yeyote. Na siku mmoja wao asipoonekana, sijui ni nani atakayegundua kwanza.

Mwaka jana nilikwenda Tanga kumwona mama. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa kalamu jina la mtandao, majina ya vyumba viwili ninavyoingia, lakabu yangu na nywila. Chini yake nikaandika maneno ya kubandika, kwa Kiingereza na Kiswahili, mistari miwili: huyu mwenzenu amefariki, sisi ndio watu wake, na namba ya simu ni hii. Nikamwita mdogo wangu, nikamweleza jinsi ya kuingia, akajaribu mbele yangu. Watu saba wakamwandikia karibu. Akaniuliza hawa ni kina nani, nikamwambia jinsi kila mmoja anavyopika.

Karatasi iko kwenye kabati la mama, bahasha moja na hati ya kiwanja.